Kuishi kwenye nyumba ndogo mashambani: mwongozo kamili wa maji, choo, hewa na shughuli za kila siku

Mtu akiona nyumba ya mita nne kwa tano, swali la kwanza huwa vitu vitakaa wapi. Hilo ni swali jepesi. Rafu hupigiliwa, vingine hugawiwa, vingine huuzwa, na baada ya miezi michache hata mwenyewe hukumbuki ulikuwa na nini. Maswali mazito ni mengine kabisa: maji yataingia kwa njia gani, na yakishachafuka yatatokea wapi? Mvuke wa sufuria inayochemka utaenda wapi? Choo je? Nyumba kubwa huvumilia uzembe kwa sababu ya ukubwa wake. Nyumba ndogo haina pa kuficha kitu, na likiharibika jambo saa mbili usiku, saa nne unalala nalo chumba kimoja.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata vinavyoingia na vinavyotoka, halafu ndipo tupange rafu. Nimechukua mfano wa nyumba yenye mita za mraba 20, watu wawili ndani, bila bomba la maji la umma wala nyaya za umeme. Kama unavyo hivyo viwili, ruka sehemu zake. Kuhusu ukubwa wenyewe hakuna kipimo kimoja duniani. Kanuni za ujenzi wa makazi zinazotumika Marekani, katika toleo la 2018, ziliita nyumba ndogo ile isiyozidi mita za mraba 37 za sakafu, bila kuhesabu dari la kulala. Kwingine sheria hutaka nyumba iwe na ukubwa fulani wa chini, hutofautisha yenye magurudumu na yenye msingi, au hudai kibali cha choo kisicho cha maji. Uliza mamlaka ya eneo lako kabla ya kununua hata msumari, na majibu uyapate kwa maandishi.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kitu kingine

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo tu. Paa la mita za mraba 25 likipata mvua ya milimita 10 hukupa lita 250, ukitoa kiasi kinachoruka, kinacholowanisha bati na kinachomwagika, zinabaki kama 200.

Sasa matumizi. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazotosha kwa mahitaji ya msingi. Kwenye nyumba ndogo isiyo na choo cha kuvuta, mtu mwenye nidhamu huishi vizuri kwa lita 30, maana choo cha kuvuta peke yake humeza lita 6 hadi 9 kila unapokivuta. Watu wawili ni lita 60 kwa siku. Kiangazi cha siku 30 bila tone ni lita 1,800, kwa hiyo tangi la lita 2,000 ndilo la kuanzia, na kulijaza kunataka karibu milimita 100 za mvua kwenye paa lile. Kama kiangazi chenu ni cha miezi mitatu, zidisha, au tafuta kisima.

Hapo ndipo nyumba ndogo inapobana: ina paa dogo. Dawa yake ni kuezeka baraza na banda la kuni, na maji yake kuyaelekeza kwenye tangi lile lile. Baraza la mita za mraba 10 huongeza karibu nusu ya mavuno, na kivuli unakipata bure.

Gata ziwe na mteremko mdogo, na wavu mahali zinapomwaga. Mvua ya kwanza isiingie tangini: ina vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Weka bomba la wima lenye kifuniko chini, lijae kwanza ndipo maji yanayofuata yaende kwenye tangi. Lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa ni kipimo kizuri, yaani bomba la kupokea lita 25 kwa paa letu. Baada ya mvua lifungue, limwagike, lifunge tena. Ukisahau, mvua inayofuata itaingiza uchafu wote tangini.

Tangi liwe na rangi isiyopitisha mwanga ili lisiote ukijani, lifunikwe, na kila upenyo uwe na wavu wa kuzuia mbu. Uzito wake usiuchukulie poa. Lita 2,000 ni tani mbili, na udongo usioshindiliwa utazama upande mmoja na kung'oa mabomba. Kila mita moja ya kimo hukupa msukumo wa kama baa 0.1, kwa hiyo tangi lililo mita mbili juu ya koki linatosha sinki na bafu la taratibu, lakini hita nyingi za gesi za papo kwa papo hazitawaka kwa msukumo huo. Ukitaka hita, panga pampu ndogo tangu mwanzo.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, na dakika tatu ikiwa unaishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Yahifadhi kwenye chombo chake chenye koki, kisichochotwa kwa kikombe. Kama paa lina rangi ya zamani unayoishuku kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, maji yake yaishie kwenye kufua na bustani, kwa sababu kuchemsha hakuondoi risasi.

Hatua ya 2: Choo kisiwe jambo la baadaye

Kuna wanaomaliza nyumba nzima, madirisha na mapazia, ndipo wanakumbuka choo. Usifanye hivyo. Ukiwa na nafasi ya shimo la choo nje, liwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo chochote cha maji ya ardhini, na kitako chake kisipungue mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Ardhi ikiwa ya mwamba au maji yako karibu, choo kikavu cha mboji ndicho cha kufikiria.

Siri ya choo kikavu ni kutenganisha mkojo na kinyesi. Vikichanganyika ndipo harufu inapozaliwa. Kiti chenye mgawanyo hupeleka mkojo mbele kwenye dumu, na kinyesi hudondokea kwenye ndoo nyuma. Kila baada ya haja kubwa, funika kwa maranda makavu au vumbi la mbao mpaka usione kitu. Neno la kushika hapo ni makavu. Maranda mabichi ni mwaliko kwa nzi. Bomba la hewa litoke kwenye chemba ya ndoo, lipande juu kuliko ukingo wa paa, na liwekewe wavu kileleni.

Mtu mzima hutoa mkojo wa lita moja hadi mbili kwa siku, kwa hiyo dumu la lita 10 kwa watu wawili hujaa ndani ya siku tatu au nne. Weka ratiba, usingoje lifurike. Mkojo ni mbolea nzuri ukichanganywa na maji, sehemu moja kwa tano hadi kumi, ukamwagwa kwenye udongo na si juu ya majani. Acha mwezi mmoja upite kabla ya kuvuna chochote kilichomwagiwa.

Kinyesi ni habari nyingine, na hapa sina mzaha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2006 inataka kikae akibani mwaka mmoja na nusu hadi miwili mahali penye baridi ya nyuzi 2 hadi 20, na zaidi ya mwaka mmoja mahali penye nyuzi 20 hadi 35, kabla ya kutumika shambani. Muda huo unahesabiwa tangu siku ya mwisho ya kuongeza. Kwa hiyo unahitaji masanduku mawili au matatu ya mboji, yenye mfuniko wa kuzuia mvua: moja linajazwa, mengine yamefungwa na kuandikwa tarehe. Anayekuambia mboji ya choo huiva kwa miezi mitatu, mwache aitumie kwake.

Maji ya sinki na bafu hayahitaji tangi. Yapitishe kwenye chujio la mabaki ya chakula na kichungio cha mafuta, kisha yaingie kwenye mtaro uliojazwa matawi na majani makavu, na pembeni upande vitu vinavyopenda maji. Usiyahifadhi zaidi ya siku moja, maana yanaoza. Na usimwage humo dawa kali za kung'arishia nguo.

Hatua ya 3: Unyevu, adui asiyeonekana

Kama ningeambiwa nibakize sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningebakiza hii.

Nyumba yetu ya mita za mraba 20, dari likiwa mita 2.5, ina hewa ya mita za ujazo 50. Hewa hiyo ikiwa na nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 870 hivi za mvuke wa maji. Ikiwa tayari imebeba nusu yake, jambo la kawaida kabisa, nafasi iliyobaki haifiki nusu lita. Sasa angalia kinachoingia. Watu wawili waliolala usiku kucha hutoa kama nusu lita kwa pumzi na jasho. Nguo mbichi zilizoanikwa ndani hutoa lita mbili kwa urahisi. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: gesi ya kupikia yenyewe huzaa maji. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, hata kama sufuria haina kitu ndani. Hewa ikishindwa kubeba, maji hutua mahali penye ubaridi: kioo, kichwa cha msumari, kona ya nyuma ya kabati, na chini ya godoro.

Fanya jaribio hili asubuhi. Inua godoro upande wa miguu na upitishe kiganja chini yake. Ukisikia ubaridi unaonata, unyevu umeshaanza kazi. Baada ya wiki kadhaa utaona vidoa vyeusi vidogo vidogo kwenye kitambaa cha chini, vikianzia katikati ambako mwili hulala. Hivyo ni kuvu, na kufuta juu juu hakuviondoi, maana mizizi yake imeingia ndani ya sponji.

Kwa hiyo, kwanza godoro lisikae juu ya ubao mzima. Weka chaga zenye nafasi ya vidole viwili vitatu kati yake, na chini ya chaga hewa ipite. Kila asubuhi kunja shuka na blanketi nyuma, usitandike mara moja, na mara moja kwa juma simamisha godoro kwa ubavu. Wanaotandika kitanda dakika wanapoamka wana nidhamu ya kupendeza, ila wanafungia humo jasho la usiku mzima.

Pili, tengeneza njia mbili za hewa: moja chini upande mmoja, nyingine juu upande wa pili. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, ya chini huingia kuchukua nafasi yake, bila feni wala umeme. Matundu hayo yawe na wavu na yabaki wazi usiku pia. Asubuhi, na tena baada ya kupika, fungua madirisha yanayotazamana kwa dakika kumi. Kwenye nchi za baridi watu husita kwa kuogopa kupoteza joto, lakini kuta na vyombo hubaki na joto lake, na hewa kavu iliyoingia hupata moto upesi.

Tatu, funika sufuria unapopika. Gesi inapungua, mvuke unapungua.

Nne, nguo zikauke nje, chini ya baraza kama ni msimu wa mvua. Koti lililolowa lisivuke mlango. Piga misumari ya kutundikia pale pale barazani, pamoja na mahali pa viatu.

Nunua kipima unyevu, kile kidogo cha ukutani. Kikikaa kati ya asilimia 40 na 60, uko salama. Kikipanda juu ya 65 siku baada ya siku, tafuta sababu kabla kuvu haijakuonyesha yenyewe. Samani ziache nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, hasa ukuta usiopata jua.

Hatua ya 4: Moto na gesi

Mtungi wa gesi ukae nje, wima, kivulini, na bomba lake liingie ndani kupitia ukuta likiwa na koki unayoifikia. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa bondeni kama maji, kwa hiyo tundu la hewa la juu peke yake halitakuokoa. Paka povu la sabuni kwenye viungo kila unapobadilisha mtungi, uone kama linatoa mapovu. Kiberiti si kipimo.

Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa linakaribia kuzimika, hata kwa ajili ya joto la usiku mmoja. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na nyumba ya mita za ujazo 50 hujaa mapema. Kama una jiko la kuni lenye dohani, au kifaa chochote kinachounguza kitu ndani, weka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na unapolala na king'ora cha moshi darini. Kuni ziwe kavu kweli: gonga vipande viwili, vikitoa mlio mkali kama wa mbao viko tayari, vikitoa mlio mzito virudishe bandani. Kuni mbichi hujaza dohani masizi, na masizi ndiyo yanayowaka siku usiyoitarajia.

Ukilala juu darini, jua kwamba moshi unapanda huko huko. Lazima kuwe na dirisha ambalo mtu mzima anapita, linalofunguka kwa mkono mmoja gizani. Mtungi wa kuzimia moto utundike karibu na mlango. Ukiutundika juu ya jiko utalazimika kupita kwenye moto kuufuata.

Hatua ya 5: Umeme wa jua, kwa hesabu na si kwa matumaini

Chukua karatasi, andika kila kifaa, wati zake na saa zake. Kwa nyumba yetu: balbu nne za LED za wati 6 kwa saa 5 ni wati-saa 120. Simu mbili, 30. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa 4, 200. Friji ndogo, tuseme 500. Pampu ya maji ya wati 60 kwa nusu saa, 30. Jumla 880 kwa siku.

Kama eneo lako hupata jua kamili kwa jumla ya saa nne kila siku, na ukakubali kupoteza robo njiani, unahitaji paneli ya wati 300 kwa uchache. Mimi ningeweka 400, kwa sababu hesabu ya karatasini haijui mawingu. Betri ya kuhimili siku mbili bila jua inatakiwa kutoa wati-saa 1,760. Betri za asidi haifai kuzishusha chini ya nusu, kwa hiyo zinunuliwe za wati-saa 3,500 hivi. Za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma hukubali kutumika asilimia 80 ya akiba yake bila kulalamika, hivyo 2,200 zinatosha. Hizo za lithiamu zisichajiwe chini ya nyuzi sifuri, na za asidi zikae kwenye sanduku lenye tundu la kutoa hewa nje, kwa kuwa hutoa hidrojeni zinapochaji. Fyuzi iwe karibu na betri, si mwisho wa waya.

Vitu vya kuzalisha joto ndivyo vinavyokausha betri. Kuchemsha lita moja ya maji kwa birika la umeme hula karibu wati-saa 100, sawa na mwanga wa nyumba nzima kwa jioni moja. Pasi, hita na kikaushio cha nywele ni wa ukoo huo huo. Joto litokane na gesi, kuni au jua lenyewe: mpira mweusi wa maji uliozungushwa juu ya paa hukupa maji ya kuoga ya vuguvugu alasiri. Na kagua paneli saa tofauti za siku, maana kivuli cha tawi moja kwenye kona hupunguza umeme kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Sasa vitu

Mbunifu majengo Le Corbusier alijijengea kibanda cha mapumziko huko Roquebrune-Cap-Martin, Ufaransa, mwaka 1952. Kilikuwa cha mita 3.66 kwa 3.66. Husifiwa kwa ustadi wa vipimo vyake, na ni kweli, ila kibanda hicho hakikuwa na jiko: mwenyewe alikula kwenye mkahawa uliopakana nacho, na kazi alizifanyia kwenye kibanda kingine karibu. Kila nyumba ndogo inayokalika ina nusu yake nje. Kabla ya kununua kitanda cha kukunja na meza ya kukunja na kiti cha kukunja, jenga baraza. Kufua, kumenya, kunoa, kuvua buti, kuzungumza na mgeni, yote yahamie hapo.

Ndani, anza na vipimo vya mwili wako, usianze na picha za watu. Simama mahali pa jiko, nyoosha mikono, pima. Vinavyotumika kila siku viwe kati ya nyonga na macho. Vya kila juma viende juu. Vya msimu viende chini ya kitanda, kwenye masanduku yenye matundu, au bandani. Visu, miiko na vikombe vitundikwe kwa ndoano ukutani, hukauka upesi na unaviona. Mlango wa kabati unaofunguka kwa bawaba hula nafasi mbele yake, pazia au mlango wa kusukuma haili.

Kitu kimoja kikiingia, kimoja kitoke. Kila mtu anaujua msemo huo. Kinachosahauliwa ni nafasi tupu. Acha rafu moja bila kitu kabisa. Siku umerudi na mizigo ya mwezi, au mmoja anaumwa na dawa zimetapakaa, rafu hiyo ndiyo itakayozuia nyumba isigeuke stoo.

Ngazi ya kwenda darini usiibane iwe wima kwa kuokoa nafasi. Utaishuka saa nane usiku ukiwa na usingizi. Weka kishikio juu na taa ndogo chini.

Hatua ya 7: Mwenendo wa siku

Nyumba ndogo huchafuka kwa dakika kumi na husafishika kwa dakika kumi, na siri ni kutoacha dakika hizo zikusanyike. Vyombo ndivyo vya kwanza.

Koki iliyoachwa wazi hutoa lita sita au zaidi kwa dakika. Kwa mabeseni mawili unaosha vyombo vya watu wawili kwa lita sita zote. Kwanza pangusa sahani kwa karatasi iliyokwishatumika, mafuta na makombo yaende kwenye mboji ya jikoni. Weka maji ya moto yenye sabuni kwenye beseni la kwanza, kidogo tu, kiasi cha kufunika sahani moja iliyolazwa. Anza na glasi, fuata vijiko, halafu sahani, sufuria iwe ya mwisho. Beseni la pili ni la kusuuzia. Ukimaliza, maji ya kusuuzia hupiga deki, na mkaa au masizi yaliyong'ang'ania sufuria huachwa yaloweke kwenye yale ya sabuni mpaka asubuhi, nje.

Kuoga, ndoo ya lita 10 na kata vinatosha, hata kwa nywele. Kupika, fikiria jiko moja: nafaka na kunde ziloweke tangu usiku, zichemke kidogo, kisha sufuria ifungwe kwenye kikapu chenye blanketi nene imalizikie humo. Gesi, mvuke na joto la nyumba vyote vinapungua kwa mpigo.

Safari za sokoni zipangiwe siku. Andika ukutani vinavyokaribia kuisha, na kiwango cha kuagiza kiwe robo, kisingoje sifuri. Mtungi wa pili wa gesi, betri za tochi, sabuni, dawa za huduma ya kwanza na maji ya kunywa ya siku tatu viwepo daima. Njia ya mashambani ikikatwa na mvua haisubiri orodha yako.

Mkiwa wawili, kubalianeni juu ya ukimya. Chumba cha pili hakuna, kwa hiyo kitu kiwe alama badala yake: mwenye kofia kichwani au aliyekaa kiti fulani asisemeshwe mpaka aanze mwenyewe. Linachekesha wiki ya kwanza tu.

Hatua ya 8: Wageni wasioalikwa

Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita sita, unene wa penseli. Zunguka nyumba na penseli mkononi, kila inapoingia ziba kwa stiliwaya ya kusugulia masufuria kisha ukandike juu, maana povu la kuzibia peke yake hulitafuna. Nafaka zikae kwenye bati au chupa. Rundo la kuni liwe mbali na mlango na liinuliwe juu ya ardhi, kwa kuwa nyoka hufuata panya, na panya hufuata rundo. Nyasi fyeka mita kadhaa kuzunguka kuta, jambo linalosaidia pia moto wa nyika ukitokea. Mbu humaliza kukua ndani ya maji kwa muda wa juma moja hadi mawili, hivyo chochote kinachoshika maji kimwagwe kila juma, kuanzia sahani za vyungu vya maua hadi mkunjo wa turubai.

Hatua ya 9: Kufunga nyumba na kuondoka

Funga gesi kwenye mtungi wenyewe. Funga koki kuu ya maji, na kwenye maeneo yenye barafu toa maji yote kwenye mabomba yasije yakapasuka. Ndoo ya choo imwagwe na ioshwe. Majivu yapoe kabisa ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao. Toa vyote frijini, uizime, na mlango uuachie wazi kwa kitambaa kilichokunjwa. Inveta, yaani kigeuza umeme wa betri, izime, ila paneli iendelee kuchaji betri. Godoro lisimame kwa ubavu, makabati yabaki wazi, matundu ya hewa usiyazibe kamwe kwa sababu tu hakuna mtu ndani.

Ukirudi, kabla ya kuwasha chochote fungua mlango na madirisha, inama unuse sakafuni kama kuna gesi. Kagua wavu wa tangi na bomba la mvua ya kwanza. Fungua koki, maji yaliyolala kwenye mabomba yaende bustanini mpaka yanayotoka yawe ya baridi, ndipo ujaze birika.